Ndoo Nyekundu za Kiabakari

Siku tulipomzika Mama Jenoveva kule Butiama, wasifu wake ulisomwa kwa dakika sita. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, alilea, na miaka minne ya mwisho "alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha maziwa Musoma, ambako wafanyakazi walimpenda." Msomaji akageuza karatasi. Nilikuwa nimesimama nyuma, upande wa masufuria, na Bonifasi, dereva wetu, akaniinamia sikioni.

"Ndiyo hiyo tu? Miaka minne mstari mmoja?"

"Nyamaza, Boni. Watu wanaomboleza."

"Na mimi naomboleza. Ndiyo maana nauliza."

Wiki iliyofuata nilinunua daftari pale Nyasho. Siwezi kuandika miaka minne. Naandika wiki moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wake wa kwanza, wiki mtindi ulipokataa kuganda.

Kabla yake alikuwepo Bwana Pastory. Sitaki kumsema vibaya. Yuko hai, ana afya njema, na tukikutana tunasalimiana. Lakini neno lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa "Nani?" Ukimwambia bomba linavuja, "Nani kalifungua?" Ukimwambia panya wametoboa mfuko wa sukari, "Nani alikuwa zamu?" Kuna siku radi ilipiga transfoma ya mtaa, mashine zote zikanyamaza, naye akatoka ofisini mbio akauliza, "Nani?"

Mwandu, mchemshaji wetu wa maziwa, akajibu, "Mungu, bosi."

Alipewa barua ya onyo. Ikabandikwa kwenye ubao wa mlangoni pamoja na barua nyingine, kila anayepita asome.

Basi tukajifunza kuishi. Mseti, mlinzi wa getini, alikuwa anakohoa mara mbili bosi akiingia, na mara tatu bosi akiingia amenuna. Daftari la joto la tenki lilisoma digrii nne mwaka mzima. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, daftari likasoma digrii nne. Mfanyakazi mgeni aliwahi kuuliza, "Na nikipima nikapata tisa?" Akajibiwa na watu watatu kwa pamoja: "Pima tena mpaka upate nne."

Kazi yangu ilikuwa mapokezi. Kila alfajiri nilitoka na Bonifasi kwa pikapu hadi Kiabakari, ambako wafugaji wa vijiji vya Butiama walituletea maziwa kwa baiskeli na bodaboda. Nilikuwa na meza, laktomita ya kunionyesha kama yametiwa maji, na spiriti ya kunionyesha kama yameanza kuchacha. Yakifaulu yanamiminwa kwenye keni. Saa nne tuko Musoma, Mwandu anayachemsha, anayapoza, anatia mbegu ya mtindi, anafunika tenki. Kesho yake anafunua, ni mtindi.

Kitu ambacho laktomita na spiriti havikioni ni dawa. Ng'ombe akivimba kiwele akachomwa sindano, dawa inatoka na maziwa siku tatu, nne, hata zaidi. Ukiyatazama ni meupe, ukiyaonja ni matamu, lakini ukiyachanganya na mengine, mbegu ya mtindi inakufa humo ndani. Kwa hiyo sheria ilikuwa mfugaji aseme mwenyewe. Bwana Pastory akaiongezea meno: atakayesema ng'ombe wake kachomwa sindano afungiwe mwezi mzima, asilete hata tone, hata la wale wazima. Toka siku hiyo ng'ombe wote wa Butiama wakapona. Hakuna aliyeumwa tena.

Bwana Pastory akahamishiwa ofisi kuu Mwanza, akaja Mama Jenoveva. Alikuwa afisa mifugo mstaafu, mfupi, mnene, anatembea haraka kama mtu anayewahi chakula. Siku ya kwanza alifungua daftari la joto, akasoma kurasa tatu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii mashine tuipeleke Nane Nane," alisema. "Umeme hakuna, yenyewe baridi!"

Hakuna aliyecheka. Mwandu alikuwa anatazama gambuti zake.

Wiki ya pili akaanzisha chai. Saa nne na nusu, pikapu ikishashushwa, wote tunakaa kwenye makreti yaliyogeuzwa, na kabla ya kumimina, anayemimina anasema kitu kimoja kilichomwendea kombo jana. Alianza yeye.

"Jana nilifungua bomba la tenki, nikapigiwa simu na mdogo wangu, tukaongea habari za harusi. Lita themanini zikaenda mtaroni. Mseti, wale mbwa uliowakuta wamelala chali, wameshibishwa na mimi."

Akamimina chai. Zamu zikazunguka.

"Kwangu jana hakuna, Madam," alisema Bonifasi.

"Shwari kabisa," alisema Mwandu.

"Salama tu, Mama," nilisema mimi.

Ikaenda hivyo mwezi mzima. Katika kiwanda kizima aliyekuwa anakosea ni bosi peke yake.

"Anatutega," Mwandu aliniambia tukiosha vikombe. Yeye ni Msukuma wa Kabasa, Bunda, na kila jambo analipimia huko. "Kwetu ukitaka kumtega kanga unamwaga mtama kwanza. Huu ndio mtama."

"Anaonekana mtu mzuri lakini."

"Mtama nao ni mzuri."

Sasa, ile wiki. Kulikuwa na jubilei ya padri mmoja Bunda, na Mkurugenzi, mwenye kiwanda, aliyekuwa anakaa Mwanza, alikuwa ameahidi lita mia tano za mtindi. Zifike Jumamosi asubuhi.

Jumatatu, Kiabakari, akaja baba yangu mdogo Stanislausi na madumu yake mawili. Nikiwa natumbukiza laktomita aliniambia kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za mtoto, "Yule wa mabaka kiwele kilivimba. Daktari kamchoma Jumamosi." Halafu akakumbuka anaongea na nani, na wapi. "Lakini amepona. Amepona kabisa, Marieta."

Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga. Nilishika funeli. Nikiandika jina lake, anafungiwa. Nikimwambia arudi nayo, ni jambo baya zaidi, maana kwa bibi yangu aliyenilea maziwa ya mtu hayarudishwi. Kumrudishia mtu maziwa yake mbele ya watu ni kumwambia ng'ombe wake wafe. Na nikisema kiwandani, nitaulizwa. Bosi mpya alikuwa hajawahi kutuuliza "nani", lakini neno hilo lilikuwa bado linakaa masikioni mwangu.

Nikamimina.

Jumanne tuliporudi saa nne, Mwandu alikuwa amesimama juu ya ngazi, kifuniko mkononi.

"Marieta, panda huku. Hebu niambie hiki ni nini."

"Maziwa."

"Jana kilikuwa nini?"

"Maziwa."

"Sasa katikati hapo nimefanya nini?"

Lita mia sita, nyepesi kama zilivyotoka kwa ng'ombe. Mama Jenoveva alikuja, akatumbukiza kijiko, akakiinua, akakiangalia kikichuruzika. Akauliza, "Ilikuwaje?" Alitutazama mmoja mmoja, bila ukali. Mwandu akasema mbegu ilikuwa mpya, joto lilikuwa sawa. Bonifasi akasema yeye ni dereva. Mimi nikasema sijui.

Mchana Mkurugenzi akapiga simu. Mama alizungumza naye ofisini, mlango wazi, akatoka akatuambia yote pale pale tulipokuwa.

"Mwandu, Mkurugenzi anasema ulisinzia. Ana barua ya onyo ya Bwana Pastory ya mwaka jana inayosema unasinziaga ukisimamia joto. Anataka mpaka Ijumaa saa sita uwe umeondoka, na Bwana Pastory arudi. Mimi sijui kama ulisinzia. Nina siku tatu za kujua. Nisaidieni."

"Sikusinzia, Madam," alisema Mwandu.

Na keni za Jumanne zilikuwa zimepangwa pale nyuma yangu, na ndani yake yalikuwemo tena maziwa ya baba mdogo.

Siku ile Mwandu alichemsha maziwa wima kama askari wa gwaride. Alisugua tenki mara mbili. Alikataa kukaa, alikataa ugali, kila baada ya muda alikwenda bombani kujimwagia maji usoni, akarudi na kipimajoto mkononi. Niliona yote nikiwa mlangoni. Niliondoka mapema, nikasema kichwa kinauma, na kweli kilikuwa kinauma.

Jumatano asubuhi Matrida, mke wa baba mdogo, ndiye aliyeleta madumu. Sikumuuliza habari za wa mabaka. Nikamimina mara ya tatu. Tuliporudi Musoma tenki lilikuwa limeshafunuliwa. Safari hii kulikuwa na kitu, lakini kilikuwa kama uji wa mgonjwa, maji juu, mabonge chini. Mwandu alikuwa amekaa sakafuni. Hakuwa na hasira.

"Basi ni mimi," alisema. "Miaka kumi na moja nagandisha mtindi. Sasa mkono umeharibika. Nilikuwa nabisha bure."

Kama angetukana ningenyamaza, najijua. Lakini alikuwa ameanza kuamini.

Nilimkuta Mama Jenoveva ameinama ndani ya tenki tupu la pili, nusu ya mwili imezama, anasugua mwenyewe. Siku hizi nikimkumbuka, kitu cha kwanza kinachokuja ni ule mgongo, na gauni la maua lililolowa kiunoni. Ilikuwa rahisi kuongea na mgongo.

"Mama, ni mimi. Ng'ombe wa baba yangu mdogo alichomwa sindano Jumamosi. Aliniambia. Nikamimina."

Brashi ikasimama.

"Siku ngapi?"

"Jumatatu na jana. Na leo."

"Ya leo yameshachanganywa?"

"Bado. Yako kwenye keni ya mwisho."

"Sasa unasubiri nini? Kimbia ukaitoe!"

Nikakimbia. Nilipoiburuta keni mpaka uani na kurudi, alikuwa ametoka, anajifuta mikono.

"Yule mzee aliweza kukuambia wewe. Mbona hakuniambia mimi?"

"Angefungiwa mwezi mzima, Mama."

"Hiyo sheria bado ipo?"

"Hakuna aliyeiondoa."

Alifumba macho kidogo. "Sikuuliza. Mwezi mzima nawamiminia chai, sikuuliza sheria gani zipo." Halafu akasema, "Haya. Tugawane. Mimi nitamwambia Mkurugenzi. Wewe mwambie Mwandu."

"Mama, mwambie wewe."

"Hapana, mwanangu. Wangu ni mgumu zaidi, na mimi sikuombi unisaidie."

Nilimwambia Mwandu pale pale sakafuni alipokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jana nilipokuwa najimwagia maji usoni, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Unaniangalia?"

"Ndiyo."

Akasimama, akachukua mwiko wake mrefu, akaenda kuuosha. Hakunisemesha tena.

Mchana huo Mama, mimi na Bonifasi tulikwenda Butiama kwa baba mdogo. Gari halijazima sawasawa, Matrida akatoka.

"Karibuni. Mwenyewe hayupo. Amesafiri, amekwenda Tarime."

Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Nyuma ya nyumba mtu alipiga chafya, akaikatiza katikati.

"Aa, bahati mbaya," alisema Mama Jenoveva kwa sauti kubwa ya kutosha vijiji viwili. "Basi tutamwachia ujumbe. Mwambie nilikuja kumwomba radhi."

Kuku wakapita. Halafu baba mdogo akatokea pembeni ya nyumba, peku, jembe begani.

"Nimesharudi," alisema.

"Tarime imekuwa karibu siku hizi," alisema Bonifasi.

"Barabara nzuri."

Tukakaribishwa viti. Mama alimuuliza habari za ng'ombe wote mmoja mmoja, na yule wa mabaka akaenda kumwona, akamshika kiwele, akasema anaendelea vizuri, daktari alimuwahi. Walipokaa tena akauliza, "Mzee wangu, ungependa tufanyeje na maziwa yake siku hizi chache?"

"Kuyarudisha hayarudishwi."

"Marieta kaniambia. Basi hatuyarudishi. Utaleta kama kawaida, utayaweka kwenye ndoo nyekundu, sisi tutayapokea kwa mikono miwili, tutayamwaga wenyewe mbali na macho ya watu. Malipo hayana, nisikudanganye. Lakini wale wengine wanaendelea. Kufungiwa hakuna."

"Na jina litabandikwa?"

"Halibandikwi."

"Yule mwenzako wa kwanza naye alianzaga hivi hivi, anacheka, anakunywa maji yetu."

"Basi usiniamini leo. Kesho nitakuwepo Kiabakari mwenyewe. Njoo uangalie wengine watafanywaje."

"Wa kwanza siwi."

"Usiwe."

Njiani kurudi nilimuuliza kama Mkurugenzi amekubali habari za ndoo.

"Sijamwambia."

"Na akikataa?"

"Tutaondoka wote na Mwandu. Ana mgongo mzuri, atanibebea begi."

Alhamisi alfajiri tulipanga ndoo nyekundu sita kando ya meza yangu. Wafugaji walipoziona wakaanza.

"Hizi za Simba au?"

"Mimi Yanga, siweki kitu humo!"

Mama Jenoveva akaeleza mara moja, kwa ufupi, kisha akakaa kwenye kreti lake. Msururu ukasogea. Kila mmoja aliulizwa kama ana ng'ombe aliyechomwa sindano. Wote wazima. Wazima kabisa. Mzee Nicolaus, mwenyekiti wao wa wafugaji, alisema ng'ombe wake hawajui sindano inafananaje. Ndoo zikabaki tupu, na mimi nikawa nahesabu saa zilizobaki kufika Ijumaa mchana.

Baba mdogo alifika na Matrida, wakisukuma baiskeli. Alipoona ndoo tupu akarudi nyuma ya msururu. Mtu akija, anampisha. "Pita tu, mimi sina haraka." Akapisha watu wanne. Wa tano alipofika Matrida akachoka.

"We baba, unamsubiri nani? Maziwa yatachacha."

Akafungua kamba, akabeba dumu, akapita watu wote mpaka mbele, akamimina kwenye ndoo nyekundu kwa sauti ya maji ya mtoni.

"Wa mabaka," alisema. "Sindano Jumamosi."

Mama Jenoveva akainuka, akaipokea ile ndoo kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto.

"Asante, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula."

"Mpe pole yetu."

Hapo mtu akacheka, wengine wakafuata, na kilikuwa kicheko cha kawaida tu, hakikumchoma mtu. Matrida akafunga kamba zake. Hakufungiwa, hakuandikwa, dumu lake la pili nikalipima na kulipokea mbele ya wote.

Mzee Nicolaus alikuwa bado hajaondoka. Alizunguka pikapu mara moja, akakohoa.

"Mama, ile keni ya pale pembeni... mnaweza mkaitoa. Kuna wangu mmoja Jumapili alipatwa na shida ndogo."

"Shida ya sindano, Mwenyekiti?"

"Ndogo tu."

Akafuata wa tatu. Akafuata wa nne, naye alikuwa ameleta maziwa hayo toka wiki iliyopita. Siku tatu nilikuwa nimembeba baba yangu mdogo peke yake kifuani kama jiwe, kumbe ng'ombe walikuwa wanne. Nilimtazama Mama. Alikuwa anahesabu keni zilizobaki kwa kidole, midomo inacheza.

"Na za kesho, zinatosha," alisema. "Zikiganda."

Tuliporudi Musoma, tenki la Jumatano nalo lilikuwa uji, na sasa tulijua kwa nini. Mwandu alizichemsha zile keni mchana ule. Mimi nilimpelekea maji ya kunywa, akanywa, akarudisha kikombe bila kunitazama.

Ijumaa saa nne tulikuwa wote chini ya ngazi. Mwandu alikuwa amekuja na begi lake la nguo, limefungwa. Aliliweka pembeni ya mlango mahali ambapo lazima uliruke ukipita. Alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza Mama aliposema, "Subiri. Tusifungue bado." Akampigia Mkurugenzi, akaiweka simu juu ya kreti, sauti kubwa.

"Huyo mtu ameshaondoka?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Hajaondoka, na kwa jambo hili haondoki. Hakusinzia. Maziwa yalikuwa na dawa. Wafugaji walijua, wakaogopa kusema, kwa sababu tulikuwa na sheria ya kumwadhibu anayesema. Sheria hiyo nimeifuta jana."

"Nani aliyapokea hayo maziwa?"

Bonifasi alitazama dari.

"Namjua kwa sababu alikuja kuniambia mwenyewe," alisema Mama. "Nikikupa jina leo, kesho hakuna atakayeniambia kitu, na mtindi ukiharibika tena tutabaki tunabahatisha. Msimamizi ni mimi. Mwezi mzima nilikaa juu ya sheria ile bila kuiuliza. Kama kuna barua, iandikwe kwa jina langu."

"Nitaiandika kweli, Mama Jenoveva. Sitanii."

"Iandike."

"Na mtindi wa Bunda?"

"Hatujafungua tenki."

"Hamjafungua! Unanipigia maneno yote haya na hamjafungua?"

"Ndiyo."

Simu ikakatika. Hatukujua kama amekasirika au ni mtandao. Mama akaitia mfukoni, akamwambia Mwandu, "Sasa panda."

Mwandu hakupanda. Akatoa mguu kwenye ngazi.

"Marieta afungue," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu toka Jumatano, na hata hilo hakunielekezea mimi. Nikapanda. Kifuniko kilikuwa kizito kuliko siku zote. Nikatumbukiza mwiko katikati, nikaachia mkono.

Mwiko ukasimama.

"Umesimama," nilisema.

"Umesimama au umeegemea?" aliuliza Mwandu.

"Njoo uone."

Akapanda nyuma yangu, tukawa tumebanana juu kule. Alichota kijiko, akakigeuza chini juu, mtindi haukudondoka. Akakirudisha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Chini Mseti alikuwa anapiga makofi, Mama Jenoveva amekaa juu ya kreti anajipepea na kifuniko cha ndoo, machozi yanamtoka, anasingizia joto.

"Mimi nisingekufanyia hivyo," Mwandu aliniambia kwa chini.

"Najua."

Alifikiri. "Hapana, hujui. Na mimi sijui. Labda ningekufanyia." Akashuka, akachukua begi lake, akalipeleka kabatini. Alipopita tena akasema, "Lakini nitakununia mpaka Krismasi."

"Krismasi ni mbali, Mwandu."

"Ndiyo. Ujiandae."

Jumamosi alfajiri tulipakia ndoo za mtindi, maziwa ya siku mbili, lita mia tano na ushee. Mwandu ndiye wa kuupeleka, maana mtindi ni wake na Bunda ni kwao. Mimi wa kupata sahihi ya mapokezi. Bonifasi akasema mbele pana nafasi ya wawili tu, na Mama Jenoveva tayari amekaa, amevaa kitenge cha jubilei, haondoki. Kwa hiyo mimi na Mwandu tukakaa nyuma, uso kwa uso, ndoo katikati yetu, kila mmoja ameshikilia vifuniko vya upande wake. Alinuna vizuri sana. Tulipita Bweri amenuna, tukapita mashamba amenuna, upepo unamtoa machozi bado amenuna. Ni kazi kumnunia mtu aliye hatua moja mbele yako kwa mwendo wote ule, nikaona shavu limeanza kumchoka.

Halafu ng'ombe wa mtu akaingia barabarani, Bonifasi akakanyaga breki, ndoo zote zikaja mbele kwa pamoja, na moja ikamwaga mtindi wake mzito, mweupe, uliogandishwa kwa mkono usioharibika, juu ya suruali mpya ya jubilei ya Mwandu.

"Marieta!" alipiga kelele. "Shika kifuniko hicho, Marieta, kinaruka!"

Nikakishika.